Nafasi ya Marahaba

Niliagizwa nitafute programu ya bure ya kuendesha redio, na siku ileile nilijua kwamba ninatumwa kumtafuta atakayekalia kiti changu. Mwenyekiti wa kamati ya redio yetu hakusema hivyo. Ni mtu mstaarabu, mstaafu wa benki aliyerudi nyumbani kulima kahawa, na hata akitaka kukunyang'anya kitu huanza kwa pole.

"Pole na majukumu, ndugu yangu," alisema akiwa amesimama mlangoni mwa studio, kofia mkononi. "Hii hali haiwezi kuendelea."

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Programu tuliyokuwa tukiitumia tuliinakili kwa mtu aliyeinakili kwa mtu, na asubuhi moja ikagoma kufunguka. Ilitaka leseni. Kununua leseni hatukuweza, na kuiba tena mwenyekiti hakutaka, maana yeye pia ni mzee wa kanisa. Basi itafutwe ya bure, ya halali, na isiwe ya kupiga nyimbo tu. Iweze kupanga salamu, matangazo ya vifo na bei ya maziwa, kisha iyarushe yenyewe kuanzia alfajiri hadi mchana bila mtu kukaa pale.

"Wewe ni mmoja," alisema. "Ukiugua je?"

"Sijaugua."

"Hakuna anayekuombea uugue."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu akikosea unaweza kumfokea ukapumua.

Redio yetu ni chumba kimoja juu ya kituo cha kukusanyia maziwa, huku Kibosho, na mnara wake ni mfupi kuliko mti wa mgrevilea wa jirani. Siku hali ya hewa ikituonea huruma tunasikika mpaka Moshi mjini. Upande wa Bomang'ombe tunakatika kabla ya kufika sokoni. Zamani tulikuwa wanne. Dada aliyekuwa akisoma habari alipata kazi Dodoma. Kijana wa michezo akaenda Dar, na nasikia siku hizi anavaa suti. Fundi wa mitambo akafungua duka la simu hukohuko Bomang'ombe, mahali ambapo mawimbi yetu hayafiki, na kila tukionana ananiambia anatukumbuka sana. Angetukumbuka kweli angekodi fremu upande huu. Nikabaki mimi na funguo.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kufungua asubuhi. Nilitoka nyumbani giza halijakatika, nikashuka na njia ya mgombani kando ya mfongo, huo mfereji wa maji ambao babu zetu waliuchimba na sisi tunaugombania. Nilifungua mlango, nikawasha mtambo, nikasubiri upate moto. Kisha nikasogelea maiki na kusema: "Shikamooni wazee wetu wa vihambani." Halafu nikanyamaza.

Hapo ndipo wenzangu walipokuwa wakinicheka. Redio, walisema, haitakiwi kunyamaza. Ikinyamaza, msikilizaji anadhani umeme umekatika, anahama. Yule kijana wa michezo alikuwa akinionyesha saa ya ukutani huku amejishika kichwa. Mimi nilisubiri hivyohivyo, maiki ikiwa wazi, mpaka nione kwamba mtu wa umri wa mama yangu angekuwa ameshaweka kikombe chini, akameza, akaitikia. Ndipo nikaendelea. Baba yangu alitufundisha salamu kwa kofi. Ukisema shikamoo ukapita, uliitwa urudi, ukasimama mbele ya mzee mpaka upewe marahaba yako, ndipo uende zako. Kumwamkia mtu mzima bila kusubiri, alisema, ni kumwambia usoni kwamba jibu lake halina kazi kwako.

Kama kulikuwa na mtu yeyote aliyeitikia sikujua. Kutoka studio husikii kitu. Unaongea na kipande cha sponji na taa nyekundu, basi.

Na niseme ukweli wangu: hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku niliyoongea na watu. Mke wangu alikwenda Dar kumkanda binti yetu alipojifungua. Alibeba nguo za kubadilisha chache na ndizi za mtori mkungu mmoja. Mjukuu huyo sasa anaimba nyimbo za shule kwenye simu, na amepata mdogo wake, na nyumba ile, nimeambiwa, haiwezi kwenda bila bibi. Simlaumu. Sawa, namlaumu, lakini nikisikia watoto wanavyomng'ang'ania nyuma ya simu nanyamaza. Mimi siwezi kumfuata. Ni kitinda mimba wa baba yangu, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zangu walirithi elimu, mimi nikarithi kihamba, shamba la ukoo, na makaburi yaliyomo. Desemba wanakuja wote na magari yao, tunachinja, tunakunywa mbege, nyumba inakosa pa kulala. Mwaka mpya ukiingia nafunga geti nyuma ya gari la mwisho, na bakuli la nyama iliyobaki nalila peke yangu mpaka linanichosha.

Jirani yangu wa karibu ni mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba. Kati yetu kuna mpaka wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ambayo Mchagga huipanda kuonyesha mpaka na huichuma akienda kuomba radhi. Mke wangu alipokuwepo, wao wawili walikuwa na pengo lao hapo katikati, bakuli za kiburu, ndizi na maharage, zikipita huku na chumvi ikipita kule. Alipoondoka, pengo likaota majani. Mimi na mama mkubwa tuliamkiana jioni juu ya masale, nikapewa marahaba yangu, kila mtu akarudi kwenye moshi wake. Sikujua la kuongeza. Ni mwanamke mkali, na mimi mbele yake bado najiona nina kaptula.

Basi nikaanza kutafuta programu.

Ya kuhariri sauti haikunisumbua. Ipo moja ya bure ambayo karibu kila redio ndogo inaitumia, na inafunguka hata kwenye kompyuta yetu ambayo feni yake inalia kuliko mashine ya kusaga. Unarekodi, sauti yako inajichora kwenye kioo cha kompyuta, inapanda na kushuka, nawe unakata usichokitaka. Nikajifunza kukitambua kikohozi changu kwa macho. Nikamtambua jogoo wa kituo cha maziwa na matone ya mvua juu ya bati. Ina pia njia ya kusafisha kelele: kwanza unairekodia chumba kitupu ili ijue kelele za chumba zikoje, ndipo izitoe chini ya maneno yako. Nikakaa kimya kabisa nikarekodi. Nilipovaa spika za masikioni kusikiliza, nikasikia friji la maziwa likinguruma huko chini, na mtu anapumua. Nikageuka kutazama mlangoni. Nilichukua muda kukubali kwamba anayepumua ni mimi.

Ya kurusha matangazo ndiyo iliyonitoa jasho. Za bure zimejaa, na kila moja ina namna yake ya kukukumbusha kwamba rahisi ni ghali. Moja ilikuwa nzuri mpaka ilipoanza kutaja jina lake katikati ya tangazo la msiba, kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu mwenye furaha nyingi. Bahati nilikuwa bado naijaribu, haijaenda hewani, la sivyo familia ya marehemu ingekuja na mapanga. Nikaifuta siku hiyohiyo.

Nyingine ilisifiwa na kila mtu kwamba inaweza yote. Ila ilitaka kompyuta ing'olewe mfumo wake wote, uwekwe mwingine, halafu uiandikie amri kwa mkono, mstari kwa mstari. Nilisoma maelekezo yake na Kiingereza changu cha kidato cha nne mpaka macho yakauma. Mtandaoni kuna ukumbi wao ambapo watumiaji huulizana maswali. Nikamkuta mtu, sijui wa nchi gani, aliyeuliza jambo langu hasa: yuko peke yake kituoni, hana fundi, aanzie wapi? Lilikuwa swali la miaka mingi. Chini yake hapakuwa na jibu hata moja. Nikamwandikia "Pole sana ndugu" kwa Kiswahili, nikaondoka.

Ya tatu ikanifurahisha. Nyepesi, ya bure, vitufe vikubwa vinavyoonekana bila miwani. Unapanga faili za asubuhi, unaipa saa ya kuanza, inakwenda. Tena ina mlinzi wake ndani: ikisikia kimya kwa muda mfupi tu, inadhani kitu kimeharibika, inarukia faili linalofuata. Nikasema hii ndiyo. Nikarekodi salamu zangu, nikazipeleka kwenye ile ya kuhariri, na huko nako nikabonyeza amri ya kufupisha kimya chote, kwa sababu mwongozo ulisema kazi nzuri haina mapengo. Subira yangu sikuiwaza hata kidogo. Nilipokuwa hewani mwenyewe niliifanya kwa mwili, bila kufikiri; kwenye kioo ilionekana mstari mtupu ulionyooka, na mstari mtupu nilishajifunza kwamba ni wa kukata. Nikajisikiliza. Safi kabisa. Nilisikika kama mtu wa Dar.

Tukaiweka hewani kwa majaribio. Mimi bado nilikwenda kila alfajiri, nikakaa kando ya kompyuta mikono mapajani, nikijisikiliza nikisema ninayoyasema kila siku. Nilikuwa tayari kuingia kama ingekwama. Haikukwama. Nilitamani ikwame, angalau mara moja tu, mbele ya mwenyekiti.

Kisha watu wakaanza kubadilika. Mama mmoja akishusha dumu lake la maziwa alisema, bila kunitazama, "Siku hizi redio ina haraka." Nikadhani anasema nyimbo. Mzee mmoja wa juu kule karibu na msitu, meku, kama tunavyowaita wazee wa heshima, ambaye hajawahi kunipita bila kunishika mkono, alinipita njiani akatazama kahawa za watu. Nikajiuliza kama kuna tangazo la kifo nimelikosea, maana kwetu ukikosea ukoo wa marehemu utalipia maisha yako yote. Nikapitia mafaili yote. Hapakuwa na kosa.

Jioni moja nikamkuta mama mkubwa anakata majani ya ng'ombe upande wake wa masale.

"Shikamoo, mama."

Akaendelea kukata. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa nguvu. Akanyoosha mgongo taratibu, mundu mkononi.

"Leo unasubiri?"

"Nasubiri nini, mama?"

"Si siku hizi unatuamkia na kukimbia. Nafungua mdomo nikuitikie, wewe umeshafika kwenye bei ya maziwa. Nimemwambia binti yangu kwenye simu, yule mtoto amepata cheo, hatutaki tena."

"Ile ni mashine, mama. Siyo mimi."

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni wewe," alisema, akainama kwenye majani yake. Marahaba sikupewa.

Niliingia ndani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho kilinichanganya, kilichofanana na furaha. Kumbe walikuwa wakiitikia. Miaka yote ile nilipokuwa nimekaa mbele ya sponji na taa nyekundu, mtu jirani na nyumba yangu alikuwa akiweka kikombe chini na kunijibu. Na juu kule kwa meku vilevile, na kwa yule mama wa dumu, na sijui kwa nani na nani, wote peke yao kwenye nyumba ambazo watoto wameshaondoka. Nilikuwa nimewanyang'anya hiyo nafasi kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Halafu likaja wazo, nami sikulifukuza haraka. Nilikuwa na silaha. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti nikamwambia, unaona, wazee wamekasirika, mashine haina adabu, nirudishieni maiki yangu. Angekubali, anawaogopa wazee kuliko anavyoiogopa benki yake ya zamani. Ningerudi kwenye kiti changu, na saa yangu ya asubuhi ingebaki yangu.

Nilizunguka na wazo hilo siku kadhaa, nalitia mbolea kama mtu anayelima. Kilichoniharibia ni swali la yule bwana mstaarabu. Siku nikianguka, nani atawaamkia? Wimbo? Kama mashine ingejua kusubiri, wangeendelea kuamkiwa hata mimi nikiwa nimelala kando ya baba pale mgombani. Kama isingejua, salamu ingekufa na mimi, kwa sababu tu sikutaka kuamka bila kazi. Nilikasirika na nafsi yangu kwa kufikiri hivyo, kisha nikakasirika kwa kufikiri sawasawa.

Kwenye ile ya kuhariri kazi ilikuwa ndogo: nikarekodi upya, na ule mstari mtupu nikauacha palepale. Shida ilikuwa kwa yule mlinzi wa programu nyepesi. Kila nilipojaribu kumwambia avumilie kimya kidogo, kikajitokeza kikufuli na bei. Kusubiri kulikuwa kwa wanaolipa. Nikaitukana programu ile kwa Kichagga, lugha ambayo hakika bado haijafundishwa, nikarudi kwa ile ngumu ya mistari na amri. Katika maelekezo yake niliona kwamba muda wa kimya unaupanga mwenyewe, utakavyo, bure.

Nikabeba kompyuta nikateremka nayo Moshi mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la kompyuta ambalo babu yake alianza kwa kuuza vitambaa. Amezaliwa mtaa huohuo na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Duka lilikuwa tupu, feni inazunguka juu ya kaunta, naye anakunywa chai ya maziwa akitazama barabarani. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee mwenzangu," alisema, "wateja wote wanataka mashine iongee. Wewe unataka inyamaze?"

"Mahali pamoja tu."

"Kwa muda gani?"

Sijawahi kuupima. Nikamwambia, wewe chukua kikombe chako, jifanye bibi wa Kibosho uko peke yako jikoni, mimi nakuja hewani. Akacheka, lakini akachukua kikombe. Nikasafisha koo.

"Shikamooni wazee wetu wa vihambani."

Akashtuka kidogo, kana kwamba kweli ameamkiwa. Akameza. Akaweka kikombe kwenye kisahani, akapangusa masharubu, akasema "Marahaba" kwa sauti ambayo sikuitegemea, ya upole sana. Kisha akatazama saa ya kompyuta.

"Ongeza kidogo," alisema. "Mama yangu alikuwa anapunguza redio kwanza ndiyo aitikie. Na magoti yalimsumbua, mpaka aifikie."

Tukaongeza. Alishinda na ile kompyuta mpaka jioni, akibadilisha mfumo, akiandika zile amri huku akinung'unika kwa lugha ya kwao, na kila alipofanikisha jambo aliniita nitazame. Aliniambia watoto wake wote wako ng'ambo na hakuna anayelitaka duka. Alisema hivyo huku macho yakiwa kwenye kioo, na mimi nikatazama kioo pia. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo wenye maduka hawafanyi.

Mwenyekiti alikuja kuijaribu. Alikaa kwenye kiti changu, akasikiliza asubuhi nzima ikipita mbele yake, wimbo, salamu, kile kimya, vifo, bei ya maziwa, bila mkono wa mtu. Kwenye kile kimya nilimwona anasogeza midomo. Akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika. Asubuhi usihangaike tena kushuka, uje mchana tu urekodi ya kesho."

Alinipongeza mno. Nilitamani anitukane. Nikashukuru, nikatoka, nikapanda mlima polepole nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwelekea.

Mke wangu alifurahi kwenye simu. "Basi uje Dar sasa. Unangoja nini?"

"Na kihamba?"

"Kihamba kina miguu? Kitakimbia?"

Nikamwambia ng'ombe hajapata wa kumkamua. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba, akacheka kitu walichokifanya, akasahau kidogo kwamba niko kwenye laini. Nikasubiri. Aliporudi tukaagana vizuri.

Asubuhi ya kwanza ya mapumziko yangu niliamka saa ileile. Nikavaa, nikafunga kamba za viatu, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka. Niwe mkweli, nilikaribia kulia pale kizingitini, mtu mzima na wajukuu. Nyumba nyuma yangu ilikuwa kimya, na mbele hapakuwa na mtu aliyenihitaji popote. Nikatoka nikasimama uani. Redio yangu sikuiwasha. Nilikuwa na kinyongo nayo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ndani ya migomba, na upande wa pili wa masale dirisha la mama mkubwa lilikuwa na mwanga.

Redio yake ikaanza. Anaifungulia juu sana kwa sababu ya masikio. Ukapita wimbo wa kufungulia, kisha nikajisikia mwenyewe, karibu kabisa, kutoka jikoni mwake:

"Shikamooni wazee wetu wa vihambani."

Mashine ikanyamaza. Nikahofia isije ikaruka. Haikuruka. Nikasikia kikombe kikigusa meza.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama mkubwa.

Alilisema kwa sauti nzima, kama kwa mtu aliyesimama mlangoni pake. Nilidhani imeishia hapo. Redio ikaendelea, sauti yangu ikaingia kwenye bei ya maziwa, na yeye naye akaendelea, juu ya bei ya maziwa, bila haraka.

"Umelala salama? Mimi mguu huu haukuniachia. Huyo mke wako amepiga? Mwambie baridi imerudi, alete yale masweta. Na wewe umekunywa kitu kabla hujatoka, au umekwenda na tumbo tupu tena?"

Yule mimi wa redioni aliendelea kusoma. Mama mkubwa akanyamaza. Nilimsikia anavyonyamaza, hakuwa amemaliza, alikuwa anasubiri. Nikaelewa kwamba amekuwa akiniuliza hivi kila siku, akaachiwa hewani kila siku, na kesho yake akauliza tena.

"Nimelala salama, mama," nikasema kutoka uani. Sauti ilinitoka vibaya, nikarudia. "Nimelala salama. Chai bado sijanywa."

Redio ikapunguzwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe si uko redioni?"

"Hapana. Niko hapa nyumbani."

Dirisha likafunguliwa. Sikumwona vizuri kwa ukungu, niliona tu kitambaa cha kichwani na mkono umeshika fremu.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikasogea mpaka kwenye lile pengo la masale, naye akasubiri.